Mpini wa vibao, wa plastiki au wa mhunzi: upi unakaa vizuri mkononi?

Ukisimama nusu saa mbele ya duka lolote la zana pale Kariakoo, utaona kwamba wanunuzi wa panga hufanana sana katika namna wanavyolikagua. Kwanza hulipiga bapa kwa ukucha wasikie linavyolia, kisha huliinua usawa wa jicho kuangalia kama limenyooka, halafu hupitisha kidole gumba kwa tahadhari kwenye makali ambayo kwa kawaida bado hayajanolewa, na mwisho huuliza bei. Mpini huangaliwa rangi tu. Jambo hilo hunishangaza kila mara, kwa sababu makali mtu anaweza kuyatengeneza mwenyewe kwa tupa jioni moja, ilhali mpini usioelewana na kiganja humsumbua tangu pigo la kwanza hadi siku atakapoubadilisha, ikiwa ni wa aina inayobadilishika.

Ninachotaka kulinganisha hapa ni mipini ya aina tatu inayopatikana kwa urahisi jijini: mpini wa vibao viwili vya mbao vilivyobanwa kwa ribiti, mpini wa plastiki uliomiminwa juu ya chuma, na mpini wa mbao nzima uliochomekwa msuka, yaani mkia mwembamba wa chuma unaotoka kwenye bapa, ule wa mapanga ya wahunzi. Nitagusia pia mpini uliozungushiwa mpira wa tyubu, kwa kuwa wengi huuona kuwa ndio dawa ya kila tatizo, pamoja na mitindo miwili ya mbali ambayo ina la kutufundisha. Kipimo changu ni kazi ambazo watu wa Dar es Salaam hulifanyia panga kweli: kukata madafu, kuvunja nazi, kufyeka kiwanja cha Chanika au Bunju baada ya masika, kupasua kuni, na kukata mifupa buchani.

Kushika na kukaba

Fundi mmoja mzee wa Gerezani, niliyempelekea panga langu ili alikaze mpini, alinitazama nilivyolishika akaniambia, "Mwanangu, panga linashikwa, halikabwi." Wakati ule nilidhani ni maneno ya mzaha. Baada ya kufyeka kwa siku mbili mfululizo nilielewa kwamba alikuwa ameeleza kwa sentensi moja kanuni yote ya starehe ya mpini.

Panga likirushwa vizuri, mkono haulibani kwa nguvu ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho wa pigo. Linapopanda, kidole gumba na cha shahada ndivyo hulielekeza, huku vidole vitatu vya mwisho vikiwa vimelegea kidogo. Linaposhuka, vidole hivyo vitatu hujifunga na kuuvuta mpini kuelekea kiganjani, na hapo ndipo kasi inapopatikana bila bega kuchoka. Mpini mzuri ni ule unaomruhusu mtu kulegeza namna hiyo bila hofu ya panga kuponyoka. Mpini mbaya humlazimisha kukaba muda wote, na mkono unaokaba muda wote huchoka kuanzia kwenye misuli iliyo chini ya kiwiko, hupata malengelenge, na mwishowe hukosea shabaha. Kwa hiyo ninapouliza kama mpini una mshiko mzuri, siulizi kama unanata. Nauliza kama umbo lake linalizuia panga lisitoke hata pale ngozi inapoteleza.

Kuna vipimo vya kuanzia. Mwongozo wa kuchagua zana za mkono uliotolewa mwaka 2004 na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, unapendekeza kwamba zana ya kazi ya nguvu iwe na mpini wenye kipenyo cha inchi 1.25 hadi 2, yaani takriban milimita 32 hadi 51, na urefu usiopungua inchi 4, ingawa ni bora ufike 5 au 6. Mwongozo huohuo unashauri kukwepa mipini yenye kona kali au mifereji ya vidole. Nilipoyapima mapanga mawili niliyokuwa nayo nyumbani, yote ya dukani, nilikuta mpini una upana wa milimita 34 kutoka mgongoni hadi upande wa makali, lakini unene wa ubavuni ni 22 tu. Wembamba huo wa ubavuni ndio chanzo cha lawama nyingi ambazo watu huzielekeza kwa mbao au plastiki.

Vibao na ribiti

Huu ndio mpini ambao wengi wetu tumekua nao. Chuma cha bapa hakikomi kwenye mkono, bali huendelea hadi mwisho, kisha vibao viwili hubandikwa huku na huku na kufungwa kwa ribiti mbili, tatu au zaidi. Ni mtindo uleule wa mapanga ya nembo ya mamba ya Martindale wa Birmingham, Uingereza, na umeigwa na viwanda vya nchi nyingi.

Uzuri wake mkubwa ni uimara. Chuma hakiwezi kuzunguka ndani ya mpini kwa sababu chenyewe ndicho mpini, na hata kibao kikipasuka mtu anaweza kumaliza kazi ya siku hiyo akiwa amekifunga kwa kamba. Umbo lake la bapa humwambia mshikaji makali yako upande gani bila kuangalia, jambo ambalo mpini wa mviringo kamili hauliwezi. Tena hubadilishika: ribiti hukatwa, vibao vipya huchongwa, na panga hurudi kazini.

Kero zake ni tatu, na mbili za kwanza husababishwa na ukweli kwamba mbao hupumua ilhali chuma hakipumui. Panga lililotengenezwa mahali pakavu likifika mjini kwetu, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, mbao huvimba. Likikaa juani wiki kadhaa wakati wa kiangazi, husinyaa. Mbao zikisinyaa, ukingo wa chuma hubaki umechomoza kama uzi katikati ya vibao viwili, na uzi huo hukaa palepale kwenye ngozi laini iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Vichwa vya ribiti navyo huinuka na kuwa vifundo vidogo ambavyo kiganja huvihisi baada ya mapigo hamsini hivi. Kero ya tatu ni vanishi. Viwanda hupaka vanishi ili mpini ung'ae dukani, lakini vanishi na jasho havipatani: mkono huteleza, mtu hukaba, malengelenge yanatoka.

Habari njema ni kwamba kero hizi zote hutibika kwa kazi ya saa moja. Ribiti na ukingo wa chuma husawazishwa kwa tupa mpaka kidole kikipita kisihisi mpaka kati ya chuma na mbao. Vanishi huparuliwa kwa kipande cha kioo au msasa wa namba 120. Kona zote hulainishwa. Kisha mbao hupakwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya rangi, mara mbili au tatu kwa siku tofauti. Mafuta ya nazi, ambayo ndiyo huwa karibu zaidi jikoni, hayafai kwa kazi hii kwa sababu hayakauki, na mpini hubaki na utelezi. Kitambaa kilichotumika kupakia mafuta ya kitani kisikunjwe na kutupwa kwenye kona, kwani kinaweza kupata joto na kuwaka chenyewe. Kianikwe nje hadi kikauke.

Ukondefu wa ubavuni hautibiki kwa msasa. Mwenye kiganja kikubwa atalazimika kuweka vibao vinene zaidi au kutafuta panga lingine.

Plastiki

Mpini wa plastiki una sifa ambazo wapenzi wa mbao hawapendi kuzikiri. Haunywi maji, hauvimbi, hauna ribiti zinazoinuka wala ukingo wa chuma unaochomoza, na huoshwa kwa sabuni ukatakata. Kwa mtu anayekata nyama au samaki, hilo la mwisho ni jambo zito, kwa kuwa mbao iliyonyonya mafuta na damu kwa mwaka mzima haisafishiki kwa namna yoyote niijuayo.

Tatizo lake huanza mkono unapolowa. Plastiki ngumu na laini haina mahali pa kuficha jasho, hivyo jasho hukaa katikati kama mafuta ya mashine. Mwaka fulani, mwezi wa Aprili, nilikuwa nafyeka kiwanja huko Chanika mvua ikinyesha manyunyu, na panga lenye mpini wa aina hiyo likanitoka mkononi likaenda kulala kwenye ua wa jirani. Hakuumia mtu, ila kuanzia siku hiyo nilianza kuangalia vitako vya mipini kabla ya kitu kingine chochote. Mpini ule ulikuwa umenyooka tangu mwanzo hadi mwisho kama fimbo. Haukuwa na kitako kilichopanuka cha kuzuia kidole cha mwisho. Panga la plastiki la rafiki yangu, lenye kitako kilichoinama chini na kutanuka, lilifanya kazi ileile, chini ya manyunyu yaleyale, bila kisa. Malighafi ilikuwa moja, umbo lilikuwa tofauti.

Watengenezaji wengine hujaribu kutibu utelezi kwa mifereji ya vidole. Mifereji hiyo hupendeza machoni, lakini imechongwa kwa mkono wa mtu mmoja wa kufikirika, na mwenye vidole vinene au vyembamba kuliko huyo hukalia matuta badala ya mabonde. Kuna ubaya mwingine ambao mtu wa Pwani atauona haraka. Sisi hupenda kuvunja nazi kwa mgongo wa panga, na ili kufanya hivyo lazima panga ligeuzwe makali juu. Ukiligeuza, mifereji iliyokusudiwa vidole huingia kiganjani, na kila pigo kwenye kifuu husikika mkononi. Plastiki yenye uso wa kukwaruza kama ngozi ya mamba ni afadhali kuliko mifereji, ingawa uso huo ukizidi ukali nao huchubua.

Jua nalo lina yake. Plastiki nyeusi iliyoachwa juani saa saba mchana haishikiki, na ikikaa nje miaka kadhaa huwa kavu na kuanza kupasuka. Ikipasuka hakuna fundi wa kuirudishia, kwa kuwa ilimiminwa juu ya chuma. Dawa ni kuivunja yote na kubandika vibao, kama chuma kilichomo ndani ni kipana vya kutosha kutobolewa. Mara nyingi sivyo.

Mpini wa mhunzi

Panga la mhunzi hutofautiana na yale ya kiwandani tangu kwenye mfupa. Mwisho wa bapa hufuliwa ukawa msuka mwembamba, mhunzi huupasha moto, kisha huuzamisha katikati ya mpini wa mbao nzima ambao umetobolewa tundu dogo kuliko msuka wenyewe. Chuma cha moto huunguza njia yake na kukaa sawasawa. Mbele, pale mpini unapokutana na bapa, huvishwa pete ya chuma ili mbao isipasuke.

Kwa starehe peke yake, sijashika mpini unaoupita huu ukiwa umechongwa vizuri. Mkono hugusa mbao tu, bila chuma wala ribiti. Fundi anaweza kuuchonga unene wowote mteja anaotaka, mwembamba mbele kwa ajili ya kidole cha shahada, uliojaa katikati, na wenye kitako kinachotanuka. Mtu anaweza kumpelekea mkono wake akaupima papo hapo, na hii ndiyo nafasi pekee ambayo mwenye kiganja kidogo, wakiwamo akina mama wengi wanaolazimika kutumia mapanga yaliyotengenezwa kwa kuwaza mikono ya wanaume, hupata mpini uliokusudiwa kwao. Mbao nzima hupunguza pia mtikisiko unaofika kwenye kifundo cha mkono, jambo linaloonekana wazi wakati wa kupasua kuni kavu.

Uchaguzi wa mbao ni muhimu. Mpera ni mgumu na haupasuki ovyo, na ndio ninaoupenda. Mninga husinyaa na kuvimba kidogo sana ukilinganisha na miti mingi, kwa hiyo hukaa na msuka wake kwa muda mrefu. Msonobari ni mwepesi na rahisi kuchonga, lakini hubonyea na kulegea mapema. Mpingo ni fahari zaidi kuliko msaada: ni mzito, na ukishasuguliwa ukang'aa huteleza kama kigae, tena ni mbao ya thamani inayostahili zumari na vinyago. Mti wowote uwao, nyuzi zake zifuate urefu wa mpini. Zikikatisha kwa mshazari, mpini utavunjika siku moja, na mara nyingi siku hiyo mtu huwa amerusha kwa nguvu zake zote.

Udhaifu wa mpini huu ni kulegea. Ile sehemu ya ndani iliyounguzwa na msuka imegeuka mkaa, na mkaa huo husagika taratibu kwa kila pigo, mpaka siku bapa linapoanza kucheza. Bapa linalocheza ni hatari kubwa kuliko mpini unaoteleza, kwa sababu mkono unaweza kuuzuia mpini usiponyoke, lakini hauwezi kuzuia bapa lisichomoke. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba msuka upenye mpini wote na ncha yake ikunjwe kitakoni. Msuka mfupi unaoishia katikati unafaa kisu cha jikoni, haufai panga.

Mpira wa tyubu

Wauza madafu wengi wanaozunguka na baiskeli wameviringisha mpini kwa ukanda wa mpira wa tyubu, na sababu yao inaeleweka, kwani utomvu wa kumbi na maji ya dafu hulowesha mkono kutwa nzima. Mapigo yao ni mafupi, mkono umekaa mbele karibu na bapa, na mpira huwapa uhakika. Kwa kufyeka, hata hivyo, mpira hung'ang'ania ngozi kupita kiasi: mkono unapotaka kusogea kidogo, ngozi hubaki na nyama husogea, na hapo lengelenge huzaliwa. Chini ya mpira maji hukaa bila kukauka, mbao huoza na chuma hushika kutu pasipoonekana. Anayeutumia aufungue kila baada ya majuma machache atazame kilichomo.

Wanavyofanya wengine

Khukuri ya Nepal, yenye bapa lililopinda mbele, ina mpini wenye pete iliyochongwa kuzunguka katikati na kitako kilichotanuka. Kitako huzuia panga lisiponyoke, nayo pete hukaa kati ya vidole na kuvizuia visisogee. Mtu mwenye mkono unaolingana nayo huisifu sana. Asiyelingana nayo huiona pete kuwa kokoto. Parang ya Wamalay imeliendea jambo hilohilo kwa njia nyingine: mpini wake hunenepa kuelekea nyuma na kuinama chini kama mdomo wa ndege, hivyo kidole cha mwisho hupata mahali pa kuning'inia hata mkono ukiwa umelowa mvua ya msituni. Kwa pigo la kufyeka sijaona umbo linalolishinda hilo, na fundi yeyote wa Dar anaweza kuliiga kwenye mbao ya mpera. Kasoro yake ni nazi: ukiligeuza panga, ule mdomo hutazama juu na kuchokoa kiganja.

Kwa kazi ipi, mpini upi

Anayefyeka na kukata matawi ningemshauri achukue mpini wa mhunzi wenye kitako kilichotanuka, au wa vibao uliosawazishwa kwa tupa, wenye urefu unaozidi upana wa kiganja chake kwa vidole viwili. Muuza madafu anahitaji zaidi sehemu ya mbele ya mpini iliyo laini, isiyo na kona, kwa maana hapo ndipo kidole chake cha shahada hushinda. Vibao vyenye mpira vinamtosha. Mwenye bucha achukue plastiki yenye uso wa kukwaruza na kitako kinachoinama, ingawa baadhi ya mabucha siku hizi yameiacha kazi ya mifupa kwa msumeno wa umeme. Panga la nyumbani, la kuni leo na nazi kesho, liwe na mpini ulio sawa juu na chini, usio na mifereji, ili liweze kugeuzwa bila kuumiza.

Dukani, kabla ya kulipa, shika mpini kwa mkono wa kazi. Ncha za vidole zikichimba kiganja, ni mwembamba. Pakibaki nafasi ya zaidi ya kidole kimoja kati ya ncha hizo na shina la gumba, ni mnene. Fumba macho, mwenye duka akuzungushie panga mkononi taratibu likiwa halijanolewa, kisha useme makali yako wapi. Ukikosea, mpini huo ni mviringo mno. Gonga mgongo wa bapa kwenye kipande cha mbao usikilize kama kuna kitu kinachocheza ndani. Mwisho lowesha kiganja kwa maji kidogo, ulishike kwa vidole vitatu vya mwisho tu ukielekeza ncha chini, na ulitikise juu ya kaunta. Baadhi ya wauzaji hucheka, lakini sijakutana na aliyekataa.

Lile panga langu la Chanika sikulitupa. Nililikata kitako chake kilichonyooka, nikatoboa tundu na kupitisha kitanzi cha ngozi, na sasa liko jikoni ambako kazi yake ni nazi peke yake. Kitanzi hicho hakivaliwi kifundoni wakati wa kufyeka, kwa sababu panga likiponyoka likiwa limefungwa hurudi kwa mwenyewe. Ni cha kulitundikia ukutani tu.